Picha na Mkono: Historia ya Kitabu cha Picha katika Kumfundisha Nyumbani Mtoto Mtundu

Utangulizi



Mhadhara wa taaluma za Kiswahili kwa kawaida hutarajiwa uzungumzie ushairi, sarufi au historia ya lugha. Mimi nimechagua jambo linaloonekana dogo: somo la kitabu cha picha, linalotolewa nyumbani, kwa mtoto wa kiume asiyeweza kutulia kitini. Nitajitahidi kuonyesha kwamba jambo hili lina historia ndefu, kwamba ndani ya historia hiyo mna mgogoro usiokwisha, na kwamba lugha yetu ina neno la kusema katika mgogoro huo.

Niruhusuni nianze na kisa cha nyumbani kwangu. Mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa nchini Tanzania kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mjukuu wangu wa umri wa miaka 6 aliletwa akae nasi. Kenya nayo ilifunga shule mwezi huohuo, na Uganda ilifunga kwa muda mrefu kuliko wote, kwani madarasa yake hayakufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wazazi na mababu wengi tulijikuta walimu bila ya kuomba kazi hiyo. Mjukuu wangu alikuja na kitabu kimoja cha picha alichotumiwa na shangazi yake aliyeko Marekani, kiitwacho Mike Mulligan and His Steam Shovel. Mimi, niliyefundisha chuo kikuu kwa zaidi ya miaka 30, nilimketisha mezani, nikafungua kitabu, nikaanza kumsomea na kumtafsiria kama ninavyohutubia hapa. Kufika ukurasa wa nne mtoto alikuwa chini ya meza. Kufika wa kumi hakuwamo chumbani.

Nikamwambia bibi yake kwamba mtoto huyu hafundishiki. Bibi yake akanijibu, "Mzee, unamsomea kitabu, au unamfungia ndani ya kitabu?" Kabla sijapata la kusema, sauti ikatoka uani: "Babu, njoo uone! Katapila limekwama!" Nilimkuta karibu na ukuta wa jiko, ameshika upawa, amechimba shimo refu kiasi cha mkono wake, na ndani yake ametumbukiza kigari chake ambacho sasa hakikuwa na njia ya kutokea. Hicho ndicho kisa kilichomo kitabuni. Mtoto niliyemdhania hasikilizi alikuwa amesikia kila neno, ila alikuwa amelisikia kwa mikono.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: je, kitabu cha picha kilitungwa kwa ajili ya macho peke yake? Au sisi walimu ndio tuliokiondoa mikononi mwa mtoto? Swali hili ndilo lililonipeleka katika historia ninayokusudia kuieleza.

Kitabu cha kwanza na nambari zake

Kitabu kinachohesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa vitabu vya picha vya kufundishia watoto ni Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu wa vitu vinavyohisika uliochorwa kwa picha. Mtungaji wake ni Jan Amos Comenius, mzaliwa wa Moravia mwaka 1592, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech. Kitabu kilichapishwa mjini Nuremberg mwaka 1658 kwa Kilatini na Kijerumani, na mwaka uliofuata Charles Hoole akatoa tafsiri ya Kiingereza. Kina sura 150, na kila sura ina picha iliyochongwa kwenye mbao kisha ikapigwa chapa. Mna wanyama na mimea, mna mwokaji mikate, seremala, kinyozi na mfunga vitabu.

Mambo mawili katika kitabu hicho yanatuhusu. La kwanza ni alfabeti yake. Comenius hakuanza na umbo la herufi, bali na mlio wa mnyama: kunguru analia kwa sauti ya herufi ya kwanza, kondoo kwa sauti ya herufi ya pili, na kuendelea. Mtoto alitakiwa kulia kama kunguru kabla ya kuandika. La pili ni nambari. Ndani ya kila picha vitu vimewekewa nambari ndogo, na nambari hizohizo zimo katika maandishi ya chini. Mtoto aliweza kuweka kidole juu ya nambari katika picha, kisha akaitafuta kwa kidole kingine katika maneno. Hivyo kidole ndicho kilichokuwa daraja kati ya kitu na jina lake.

Katika dibaji yake Comenius aliwaelekeza wakubwa namna ya kukitumia. Alitaka mtoto apewe kitabu nyumbani akichezee apendavyo, hata kabla hajapelekwa shule. Alitaka watoto waruhusiwe, na hata wahimizwe, kuziiga picha kwa mikono yao wenyewe. Aidha, alitaka kila kinachoweza kuonyeshwa chenyewe kionyeshwe chenyewe: viungo vya mwili, nguo, vyombo vya nyumbani. Kwa hiyo picha haikuwa mwisho wa somo. Ilikuwa badala ya kitu pale tu kitu chenyewe kilipokosekana.

Mawazo haya hayakumjia ghafla. Miaka 25 kabla, mwaka 1633, alikuwa amechapisha kwa Kijerumani kitabu cha kuwaongoza wazazi katika kuwafundisha nyumbani watoto wa hadi miaka 6, akakiita shule ya mama. Humo alieleza kwamba mtoto mdogo ni kama chungu, daima ana kitu cha kuburura, kubeba, kujenga na kubomoa, na kwamba kazi ya mzazi si kumzuia bali kumsaidia. Kwa kuwa zana za kweli zaweza kumdhuru, apewe za kuchezea: panga za mbao, vigari, plau ndogo. Wahenga wetu walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Comenius angekubali nusu ya methali hiyo; angempa wembe, lakini wa mti.

Yaelekea alijua alichokisema kuhusu thamani ya utoto. Alikuwa mkimbizi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Tauni ilimwondolea mke na watoto wawili mwaka 1622, na vita vikaichoma maktaba yake mjini Leszno mwaka 1656, miaka 2 tu kabla ya kitabu chake cha picha kutoka. Kitabu hicho kilidumu majumbani kwa zaidi ya karne moja. Goethe, aliyezaliwa mwaka 1749, alikikumbuka katika masimulizi ya maisha yake kuwa miongoni mwa vitabu vichache vya watoto alivyokuwa navyo.

Dirisha na picha ya dirisha

Karne ya 18 ilileta mgogoro. Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau alichapisha Émile, kitabu kinachosimulia malezi ya mvulana wa kubuni. Rousseau alivichukia vitabu vya watoto kwa jumla. Kimoja tu alikiruhusu kiwe cha kwanza mikononi mwa mvulana wake, nacho ni Robinson Crusoe, kwa sababu mtu aliyeachwa kisiwani hulazimika kufanya kila kitu kwa mikono yake, na mvulana asomaye kisa hicho atataka kufanya vivyo hivyo. Émile alifundishwa pia useremala.

Kwa upande mwingine, Johann Bernhard Basedow, aliyefungua shule yake mjini Dessau mwaka 1774, alitoa mwaka huohuo kazi kubwa ya mafunzo yenye picha zipatazo 100 zilizochorwa kwenye mabamba ya shaba, nyingi zikiwa za msanii Daniel Chodowiecki. Picha zilikuwa nzuri mno. Lakini uzuri wa picha huweza kumfanya mwalimu asahau dirisha lililo nyuma yake.

Nasema dirisha kwa makusudi. Katika masimulizi ya maisha ya Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu mashuhuri wa Uswisi, husimuliwa kisa kimoja ambacho kila mwalimu angefaa kukijua. Mwalimu alikuwa akifundisha watoto kwa picha ya ngazi. Mvulana mdogo mchangamfu akauliza kwa nini wasiizungumzie ngazi ya kweli iliyokuwa uani. Mwalimu akamjibu kwamba picha iko hapa, na ni rahisi zaidi. Baadaye ikaletwa picha ya dirisha. Mvulana yule akauliza tena: kwa nini kuzungumzia dirisha la karatasi, na hili la kweli limo chumbani na halihitaji hata kutoka nje? Jioni Pestalozzi alipoelezwa habari hiyo aliamua kwamba mtoto ana haki, akaagiza picha ziwekwe kando na vitu vyenyewe vitumike.

Kisa hiki hupendwa kusimuliwa kwa sababu mwisho wake ni mwema. Kuna kisa kingine cha Pestalozzi kisichopendwa sana, nacho ndicho kinachonigusa zaidi. Pestalozzi alikuwa na mtoto mmoja tu, mvulana aliyezaliwa mwaka 1770 na kupewa jina la Rousseau. Baba aliamua kumfundisha nyumbani, katika shamba lao la Neuhof karibu na kijiji cha Birr, na mwanzoni mwa mwaka 1774, mtoto akiwa na miaka 3 na nusu, aliandika shajara ya masomo hayo. Ni shajara ya majuma machache tu, lakini ni hati ya thamani. Humo baba anamtembeza mtoto kwenye maji na mteremko ili ajionee. Humo pia anamlazimisha kukaa na kutaja maneno ya Kilatini. Siku moja anakiri kosa lake: alimzoesha mtoto kutaja majina ya hesabu bila ya kumpa maana yake, na sasa mtoto anayatamka majina hayo ovyo, kama mtu asiyejali atakayoyasema.

Somo hilo la nyumbani halikufaulu. Mvulana alifika umri wa miaka 11 bado hajui kusoma wala kuandika ipasavyo. Baadaye alisumbuliwa na kifafa, akafariki mwaka 1801. Mwaka huohuo baba yake alichapisha kitabu kilichompa sifa Ulaya nzima, chenye jina lisemalo jinsi Gertrud anavyowafundisha wanawe. Sisemi kwamba ugonjwa wa mtoto ulitokana na masomo. Nasema kwamba mtu aliyewafundisha walimu wa Ulaya kuheshimu mikono ya mtoto alijifunza jambo hilo kwa kumkosea mwanawe wa pekee, na alikuwa na ujasiri wa kuliandika kosa lake. Sisi wengine huliandika kosa hilo katika ripoti ya mtoto.

Wimbo wa vidole na masomo mafupi

Aliyeirudisha picha na mkono katika ukurasa mmoja ni Friedrich Froebel, aliyekaa na Pestalozzi kabla ya kuanzisha taasisi yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837. Mwaka 1840 aliipa jina ambalo limeenea duniani, lenye maana ya bustani ya watoto, nasi tunaiita chekechea. Hutajwa zaidi kwa mipira na vipande vyake vya mbao, lakini mwaka 1844 alitoa pia kitabu cha picha kwa ajili ya mama na mtoto nyumbani. Kila ukurasa una picha, wimbo, na mchezo wa mkono. Palipo picha ya jogoo wa bati anayegeuzwa na upepo juu ya mnara, mtoto huinua mkono na kuugeuza kama jogoo yule. Palipo banda la njiwa, viganja hufunguka na vidole huruka. Palipo seremala, mikono hufanya useremala. Kitabu hicho hakisomeki kwa mtu aliyefunga mikono.

Nchini Uingereza, Charlotte Mason alichapisha Home Education mwaka 1886, mkusanyo wa mihadhara aliyowapa wazazi. Hakuwa mfuasi kipofu wa Froebel, na aliogopa vitu vya kuchezea visije vikachukua nafasi ya kitabu kizuri. Lakini alitoa kanuni mbili zinazomfaa sana mtoto mtundu. Kwanza, somo la mtoto aliye chini ya miaka 8 liwe fupi, lisizidi dakika 20. Pili, mtoto akishasomewa mara moja asihojiwe, bali asimulie mwenyewe alichokisikia. Kutoka mwaka 1891 masomo aliyoyapanga yalipelekwa kwa posta katika nyumba nyingi, hata za ng'ambo.

Marekani, ambako elimu ya nyumbani imekuwa harakati kubwa, mwandishi John Holt alianza kutoa jarida lake la wazazi wanaofundisha nyumbani mwaka 1977, na kufikia mwaka 1993 elimu hiyo ilikuwa halali katika majimbo yote 50. Katika miaka hiyo ulienea miongoni mwa familia hizo utaratibu wa kukisoma kitabu kimoja cha picha kwa siku kadhaa mfululizo, kila siku kwa jicho jingine: leo jiografia, kesho hesabu, keshokutwa sanaa. Yamkini ndiyo sababu shangazi ya mjukuu wangu alituma kitabu kimoja, wala si kumi.

Mama aliyemlaza mwanawe kwa kitabu

Kitabu hicho kimoja nacho kina historia inayofaa kuelezwa hapa. Mtungaji na mchoraji wake ni Virginia Lee Burton, mama wa wavulana wawili. Kitabu chake cha kwanza, kilichohusu chembe ya vumbi, kilikataliwa na wachapishaji 13. Alipomsomea mwanawe mkubwa, ambaye hakuwa bado na miaka 4, mtoto alichoka akalala kabla ya mwisho. Mama alikiri kwamba hapo ndipo alipowaelewa wachapishaji. Tangu wakati huo aliwafanya wanawe kuwa wahariri wake: aliwasomea, akatazama macho na mikono yao, na walipoanza kuhangaika alibadilisha. Mwaka 1937 ilitoka Choo Choo, hadithi ya garimoshi, kwa ajili ya mkubwa. Mwaka 1939 ikatoka ile ya mashine ya kuchimba, kwa ajili ya mdogo aitwaye Michael.

Ukiifungua hadithi hiyo, katika kurasa za jalada la ndani utaona mchoro wa mashine inayoendeshwa kwa mvuke, na kila kiungo chake kimeandikiwa jina. Ni mbinu ileile ya Comenius, miaka 281 baadaye. Hadithi yenyewe inasimulia jinsi Mike na mashine yake, waliokosa kazi kwa sababu ya mashine mpya, wanavyojitolea kuchimba msingi wa jengo la halmashauri ya mji mdogo kwa siku moja. Wanafaulu, lakini kwa haraka yao wanasahau kuacha njia ya kutokea. Anayepata ufumbuzi ni mvulana mdogo: mashine ibaki humohumo chini, iwe tanuri la kulipasha joto jengo litakalojengwa juu yake. Na wazo hilo halikuwa la Burton. Katika ukurasa husika aliweka tanbihi ya kumshukuru mvulana wa kweli aliyelitoa. Nadhani hakuna ushahidi bora zaidi kwamba mtoto anayetaka kujua mashine inatokaje shimoni si mtoto anayeharibu somo. Katika kitabu hiki, yeye ndiye aliyelikamilisha.

Mkono uliopewa jina baya

Hapa mtu anaweza kuniuliza: historia hii ni ya Moravia, Uswisi na Marekani, inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu sisi nasi tuna historia ya kitabu na mkono, na ina jeraha lake.

Lugha yetu haikuvitenga vitu hivi viwili. Fundi, mwanafunzi, mafunzo, kufundisha na kumfunda mwali ni maneno ya mzizi mmoja. Chuo, katika Kiswahili cha zamani cha pwani, ni kitabu, na vilevile ni mahali pa kusomea. Mtoto wa chuo cha Kurani aliandika juu ya ubao wa mti kwa wino wa masizi, akausoma, kisha akauosha ili aandike tena. Kuandika, kusoma na kuosha vilikuwa kazi moja ya mikono. Na mtoto asiyetulia tunamwita mtundu, neno tunalolitumia kwa lawama, lakini neno hilohilo hulitumia kwa sifa tunapomsema mtu mwenye utundu wa kutengeneza redio iliyokufa.

Jeraha lilikuja na sera. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, na ripoti yake ya mwaka 1925 ilipendekeza elimu inayoambatana na mazingira ya Mwafrika: kilimo, afya na kazi za mikono, kwa mfano wa vyuo vya Hampton na Tuskegee vya Marekani. Katika mapendekezo hayo mlikuwa na hekima. Lakini wazazi wengi wa Kiafrika waliona pia jambo jingine: mtoto wa mtawala alipewa kitabu, na wa mtawaliwa alipewa jembe. Elimu ya mkono ikaeleweka kuwa elimu ya kumzuia mtu asipande juu, na hofu hiyo haikuwa ya bure.

Mwalimu Nyerere alijaribu kuutibu mtengano huo. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 alidai kwamba shule iwe pia shamba na karakana, na kwamba kazi na masomo visitengane. Hata hivyo, katika utekelezaji, mara nyingi shamba lilibaki shamba na darasa likabaki darasa. Mwanafunzi alilima asubuhi bila ya kuupima mtaro, akaja kupima mtaro wa kwenye picha mchana. Pamoja na hayo, katika shule nyingi kazi ya mikono ikawa ndiyo adhabu: aliyechelewa alifyeka, aliyepiga kelele alichota maji. Tukamfundisha mtoto, bila ya kutamka, kwamba kitabu ni heshima na mkono ni fedheha. Mtoto ambaye akili yake inapitia mikononi akabaki bila ya mahali pa kusimama. Mimi mwenyewe, uani kwangu, nilikuwa karibu kumwadhibu kwa kosa la kuelewa.

Namna ya kulirekebisha somo

Niwaeleze basi tulichokifanya, kwa kuwa historia isiyotuonyesha la kufanya kesho haijakamilika. Tulikisoma kitabu kile siku tano.

Siku ya kwanza nilikisoma chote bila ya swali hata moja, naye akiwa amesimama na upawa wake mkononi. Siku ya pili tulifungua mchoro wenye majina. Tukachukua maboksi tukayakata, tukaunda mashine, na kila kiungo tukakitafutia jina la Kiswahili. Mkono na kijiko tulivijua. Mengine hatukuyajua, tukaenda kwa fundi wa magari jirani yetu tukamwuliza tukiwa mbali kidogo, kama ilivyopasa wakati ule. Mwanaisimu aliyestaafu alipata siku hiyo msamiati asioujua.

Siku ya tatu ilikuwa ya hesabu. Mchoraji ameonyesha jua likisogea angani kadiri pembe nne za shimo zinavyokamilika. Nasi tukasimamisha kijiti uani, tukawa tunaweka alama kwenye kivuli chake kila saa, huku shimo likipimwa kwa shubiri. Siku ya nne nilisoma hadi mashine inapokwama, nikafunga kitabu nikamwuliza: itatokaje? Alipendekeza ngazi, akaijaribu, ikashindikana. Akachimba mteremko upande mmoja, kigari kikapanda. Ndipo nilipomsomea jibu la kitabu na kumweleza kwamba alilitoa mtoto kama yeye. Akafikiri kidogo, kisha akasema mteremko wake ni bora, kwa sababu kwetu Dar es Salaam hakuna haja ya tanuri. Siku ya tano alisimulia hadithi yote kwa maneno yake, nami nikayaandika kwenye kipande cha boksi kwa herufi kubwa. Alipomaliza, alirudi akayasoma. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyoyasoma kwa hiari yake, na aliyasoma kwa sababu yalikuwa yake.

Kutokana na hayo, na kutokana na wale waliotutangulia, napendekeza kipimo kimoja tu kwa mzazi au mwalimu. Si kila shughuli ya mikono ni somo. Kumpa mtoto rangi apake ili atulie ni kumlaza kwa njia nyingine. Kazi ya mkono iwe imetoka katika ukurasa, na ikiisha imrudishe mtoto katika ukurasa akiwa na swali jipya. Ikimpeleka mbali na kitabu asirudi, Mason alikuwa na haki ya kuiogopa. Kitabu kikimzuia asiguse dunia, mvulana wa dirisha alikuwa na haki ya kukikataa.

Sitaki nieleweke kuwa nawashawishi wazazi wawatoe watoto shuleni. Wengi hawana muda huo, na shule ina mengi ambayo nyumba haina. Dakika 20 za jioni, kitabu kimoja, boksi tupu na mtu mzima asiyeona haya kushika udongo vyatosha. Na mabinti nao wasisahauliwe: kwa muda mrefu tumewapa kazi za mikono bila ya kitabu, kama tulivyowapa wavulana kitabu bila ya mikono.

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha kwamba tunaporekebisha somo la kitabu cha picha kwa ajili ya mtoto mtundu, hatumshushii mtoto kiwango wala hatukivunjii kitabu heshima. Tunakirudisha kilikotoka. Comenius aliweka nambari ili kidole kizifuate. Froebel alichora jogoo ili mkono ugeuke. Burton alichora mashine kwa ajili ya mtoto aliyetaka kujua inavyochimba. Nasi tuna lugha inayomwita fundi na mwanafunzi kwa mzizi mmoja. Kilichobaki ni kuliamini neno letu wenyewe.

Shimo lile bado lipo karibu na ukuta wa jiko. Bibi yake amepanda mpapai ndani yake, na mjukuu, ambaye sasa ni kijana, akija hudai kwamba mteremko aliouchimba ndio unaoleta maji ya mvua kwenye mizizi. Nimeupima. Anasema kweli.